Taa Kwenye Mbeta za Baba

Mimi ni mwoga, na heri niliseme mapema ili msomaji asije akangoja ushujaa. Naogopa mbwa, naogopa simu ya namba nisiyoijua, naogopa mtu mzima akiniita kwa jina langu lote. Lakini woga ulionipata mwaka ule tulipotoa kipande cha gemu letu mtandaoni ulikuwa wa aina nyingine. Mwanzoni sikujua namwogopa nani, na nilipokuja kujua, niliona ninayemwogopa ni mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kuchora. Tulikuwa watatu kwenye chumba cha ghorofani, Soweto hapa Mbeya, na chini yetu kulikuwa na duka la mabati na misumari, kwa hiyo tulifanya kazi huku bati linapigwa kutwa nzima. Kulikuwa na kijana mwenye kampuni, ambaye nilimwita bosi kwa utani kwa kuwa nimemzidi umri. Kulikuwa na fundi wa kompyuta, aliyeandika programu na kuongea kwa nadra. Halafu mimi. Gemu letu lilikuwa la msichana anayemtafuta ndama wake aliyepotelea kwenye ukungu wa milima ya huku kwetu. Mchezaji anapita mashamba ya viazi, anavuka vijito, anaulizia kwa watu. Hakuna bunduki. Bosi alikuwa anasema watu wamechoka kuua, na mimi nilimwamini kwa sababu nilitaka sana kumwamini.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mianzi. Mimi ni mtu wa Iringa, kijiji kimoja cha Kilolo, na marehemu baba yangu alikuwa mgema ulanzi. Kwa asiyejua, mvua zikishakolea, mwanzi mchanga unakatwa ncha, kisha unafungiwa mbeta, yaani kikopo kilichokatwa kwenye mwanzi mkavu, na maji yake matamu yanadondokea humo. Asubuhi na jioni mgema anapita, anamimina, anachonga ncha tena kidogo ili kidonda kisifunge. Maji yale yakilala yanakuwa pombe. Baba alizifunga mbeta zake kwa vitambaa vya bluu alivyochana kwenye sketi yangu ya shule ya msingi, ile iliyokuwa imenibana, ili mtu akipita ajue hizi ni za nani na aache mkono wake mfukoni. Wenzangu walinicheka sana. Sketi yangu ilikuwa imesambaa shamba zima, inapepea.

Wakati ule niliona aibu. Baba alipofariki ndipo nikaanza kuyachora yale mashina, na sijawahi kuchora kitu kingine nikatulia moyo kiasi kile. Picha ya kwanza niliichora kwa kidole kwenye simu, nikiwa bado najifunza, nikaiweka kwenye ukurasa mmoja ambako wachoraji wa kila nchi wanaonyeshana kazi. Watu wachache wakaniandikia kwamba ni nzuri. Miaka ikapita, na tulipoanza kutengeneza gemu letu niliichora upya picha ile ile, kubwa zaidi na kwa mkono uliokomaa: mianzi imeinamia kushoto, jiwe kubwa nyuma, ukungu umekaa katikati, mbeta zimening'inia na vitambaa vyake.

Tulipotoa kile kipande, siku ya kwanza watu walitusifu. Siku iliyofuata mtu nisiyemjua akaweka picha mbili pamoja. Moja ilikuwa yetu. Nyingine ilitoka kwenye gemu la kampuni ya nje, gemu ambalo lilikuwa limeshatoka kabla ya letu na watu wanalicheza. Mianzi ile ile, imeinamia kushoto vile vile. Jiwe lile lile. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba kwao kila mbeta ilikuwa inawaka. Aliyeichora hakujua mbeta ni nini, akadhani ni taa, akatia mwanga wa njano ndani. Chini yake yule mtu alikuwa ameandika: "Wabongo kwa kukopi hatujambo. Na hata taa zimewashinda, wamezizima."

Nilisoma nikiwa nimesimama, nikajikuta nimekaa. Nikaivuta ile picha ya wenyewe, wale wa kampuni ya nje, mpaka ikajaa kioo chote, na pale kwenye kila taa, palipofungiwa, nikaona kipande cha kitambaa cha bluu. Walikuwa wamechukua mpaka sketi yangu.

Nilimweleza bosi mbio mbio, na kadiri nilivyoharakisha ndivyo nilivyojisikia nazungumza kama mtu mwenye hatia. Akaniuliza picha yangu ya kwanza iko wapi, ile ya zamani, aione na tarehe yake. Nikamwambia simu niliyochorea iliibiwa sokoni Mbalizi. Akaniuliza ule ukurasa je. Nikamwambia akaunti nilifungua kwa laini ambayo ilishafungwa siku nyingi, neno la siri silikumbuki, na nilipojaribu kuingia niliambiwa hakuna mtu kama huyo. Yote yalikuwa kweli, na yote yalitoka mdomoni kama uongo wa mtoto aliyevunja sahani. Fundi wa kompyuta alivaa vifaa vyake masikioni ili asisikie, na jambo hilo liliniumiza kuliko maswali.

Kufikia mchana, kampuni iliyokuwa imeahidi kulisambaza gemu letu ilikuwa imeshaandika. Walitaka maelezo yenye ushahidi kufikia Jumatatu, vinginevyo wanajitoa. Bosi alinisomea ule ujumbe kwa sauti ya upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Dada, mimi nakuamini," akasema. "Ila hawa hawanijui mimi wala wewe. Wanataka kitu cha kuona kwa macho. Na kama kuna mahali uliiona hiyo picha ukasahau, niambie tu sasa hivi, sitakasirika."

Nikamwambia hakuna. Nikarudi mezani kwangu.

Lakini neno lake lile la kusahau lilikuwa limeshaniingia. Mchoraji anaangalia picha kutwa, anaokota kitu hapa na kingine pale, na mwisho wa siku hajui kipi kilitoka wapi. Gemu lile sikuwahi kulicheza, hilo nilikuwa na hakika nalo. Je, tangazo lake? Je, kipande kilichopita kwenye simu ya mtu wakati mimi nakunywa chai? Niliikodolea macho picha ya wenyewe siku nzima, naikuza, naipunguza, natafuta mahali ambapo mkono wangu na mkono wao inaachana. Halafu nikafumba macho nilione shamba la baba lenyewe, nipate pa kusimamia. Likaja, na lilikuwa linawaka.

Nikafumbua. Nikafumba tena, nikajilazimisha kumwona baba amebeba ndoo, anapita asubuhi kwenye umande. Akaja baba, na njano ile ikamwangaza uso. Siwezi kueleza hofu niliyoipata pale. Kuitwa mwizi kulikuwa kunanitisha, ndiyo, kwa sababu mchoraji akishaitwa hivyo, hata akichora yai wataulizana amelitoa wapi. Ila sasa niliona kuna kitu kingine kinaondoka. Picha ya baba niliyokuwa nayo ilikuwa kichwani tu, kwa kuwa hakupenda kupigwa picha akiwa kazini. Hiyo moja nayo ilikuwa inabadilishwa ndani kwa ndani, na sikujua namna ya kuizuia.

Kesho yake nikapanda basi la Iringa. Pale Uyole malori yalikuwa yamefunga njia, tukakaa muda mrefu, na abiria wenzangu wakawa wanalalamika. Mimi nilishukuru. Nilikuwa naogopa kufika na kuukuta ule mwanga shambani kweli, au kukuta hakuna hata jiwe, kwamba vyote nilivibuni au niliviiba. Akili ya mtu mwenye hofu haina adabu.

Mama alinipokea kwa furaha na mashaka, maana sikuwa nimempigia simu. "Kamwene," akanisalimu, halafu kabla sijaketi akauliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, nimekuja kuona mianzi. Uso wake ukabadilika. Akajishughulisha na kuni, akanipa chai, akanipa viazi, akaniuliza habari za Mbeya na za kanisa, na mimi nikajua kuna jambo. Mwishowe akalitoa. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa ameing'oa mianzi yote mwaka uliopita na kupanda miche ya parachichi. Shamba lilikuwa la ukoo na alikuwa na haki yake. Mama hakuniambia kwa sababu alijua ningelia. Nikalia.

Nilikuwa nimesafiri kutafuta kitu cha kuonyesha watu, na kitu chenyewe hakipo. Kwa hiyo, duniani kote, mahali pekee ambapo mianzi ya baba ilibaki imesimama vile ilivyokuwa ni kwenye picha yangu, ambayo watu wanasema nimeiba, na kwenye picha ya wenyewe, yenye taa.

Nikatoa simu. Sikumweleza mama lolote. Nilitaka tu kuona kama macho yake yataona ninachoona mimi. Nikamwonyesha ya wenyewe.

Mama alichelewa kuelewa, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kisha akairudisha mikononi mwangu haraka, akajifuta vidole kwenye kitenge.

"Nani amewasha moto kwenye mianzi ya baba yako?" akauliza.

Alikuwa ameogopa kweli, na mama yangu si mtu wa kuogopa ovyo. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, watu hao walikuja lini, na walipitia wapi asiwaone, kwa sababu jiwe analiona ni lile lile na vitambaa ni vile vile alivyovichana yeye na marehemu wamekaa mlangoni. Nikamweleza kwamba hawakuja. Nilichora mimi, nikaweka mahali pa wazi, mtu wa mbali akachukua, na sasa wanasema mimi ndiye niliyechukua kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Habari za magemu hakuzifuata zote, lakini hilo la mwisho alilielewa bila shida, akasonya.

Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sikuwa mwizi. Lakini neno la mama si kitu cha kuipelekea kampuni, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

Yeye ndiye aliyesema kwamba mwanzi haung'oki wote. Baba mdogo alichimba, akachoma, akamwagia dawa, na bado mvua zilipoanza machipukizi yalitoka katikati ya miche ya parachichi, na kila akipita anayafyeka huku anatukana. Asubuhi tukaenda, mama na mimi, ukungu ukiwa bado umekaa. Mama alibeba kikapu chenye vitu vya marehemu, kisu chake cha kugemea na mbeta moja kuukuu. Ndani ya mbeta kulikuwa na ukanda wa kiunoni wa sketi yangu, sehemu pekee iliyokuwa haijachanwa, kwa kuwa ilikuwa ngumu.

Jiwe lilikuwepo. Nililigusa kwa mkono kama mgonjwa anayepimwa homa. Karibu nalo tukapata chipukizi moja zuri, na nikasimama pale pale nilipozoea kusimama nikiwa mtoto, jiwe likiwa nyuma, nikaanza kurekodi. Mama akakata ncha. Hakuwahi kugema maisha yake yote, kazi hiyo ilikuwa ya baba, ila alikuwa amemtazama miaka mingi. Akauinamisha mwanzi kidogo, akafunga mbeta kwa ule ukanda wa bluu, akarudi nyuma. Tukangoja tone.

Badala ya tone akatokea baba mdogo, na panga.

Niseme ukweli, nilirudi nyuma ya mama, mtu mzima mimi. Alituuliza tunapiga picha shamba lake za nini. Nikajaribu kueleza na maneno yakanipotea. Akasema anajua, mtoto wa mjini ametumwa na mama yake, video inaenda kwa mwanasheria, kesho ataitwa barazani kuambiwa shamba ni la marehemu. Alikuwa anatetemeka. Nikaona na yeye anaogopa, pengine amekuwa akiogopa hivyo tangu siku aliyochimba shina la kwanza, na mtu anayeogopa akiwa na panga ni hatari kuliko mwenye hasira. Akaniamuru nifute. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

"Shemeji," mama akasema, "shamba sitaki. Namtafutia mtoto jina lake."

Sijui kama alielewa. Alimtazama mama, akaitazama mbeta, na nadhani ule ukanda wa bluu aliutambua, kwa sababu na yeye alikunywa kwenye mbeta hizo ujana wake wote. Akashusha panga. Akasema tumalize, tukimaliza anakata. Tukasimama watatu kwenye baridi mpaka tone la kwanza likaanguka, halafu la pili, na nyuki mmoja akaja akatua kwenye mdomo wa mbeta. Vyote viliingia kwenye video. Nilipozima simu, baba mdogo akaifungua mbeta taratibu, akampa mama, kisha akaukata ule mwanzi usawa wa udongo kwa pigo moja. Mama akanipa mbeta na ukanda wake nirudi navyo Mbeya.

Jumatatu bosi aliweka picha tatu pamoja: ya wenyewe, yetu, na ile ya shamba. Jiwe moja kote. Akaandika maelezo mafupi ya ulanzi, kwamba chombo kile kinafungwa kwenye kidonda cha mwanzi kikinge maji, na mtu akiweka moto mle atakuwa ameunguza pombe. Watu wa Iringa na Njombe wakaja kwa wingi kushuhudia, wengine na picha za mashamba yao, na yule aliyetutukana akafuta maneno yake bila kuaga. Kampuni ya nje hatukuisikia. Fundi wa kompyuta aliniletea maandazi bila kusema neno, na nikajua ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Wasambazaji nao wakakubali kubaki, kwa sharti moja. Bosi alinieleza huku anaangalia dirishani. Walikuwa wameridhika kwamba picha ni yangu, ila kwa usalama wa wote waliomba niibadilishe, nichore mianzi kwa upande mwingine, isifanane tena na ya wale. Nilikasirika nikasema maneno ambayo sitayaandika. Hakubishana nami. Nilipomaliza akaniuliza kama nitaweza, nikamwambia naweza, shamba lile nalijua kila upande.

Nikakaa mezani. Mbeta ya baba nilikuwa nimeiweka karibu na kioo cha kompyuta, kavu, ukanda wa bluu umeizunguka. Chini walikuwa wanapiga bati kama kawaida. Nikachora jiwe, nikiwa nimesimama upande wa pili safari hii, nikachora ukungu, mianzi ikainama kulia. Mkono ulikuwa mwepesi na nilifurahi, hata nikajikuta naimba wimbo wa kwaya ya kwetu. Nikafika kwenye mbeta ya kwanza, nikaichora, nikaifunga kitambaa. Kisha nikasogea nyuma niione.

Ndani yake nilikuwa nimeshatia njano.

Nikaifuta. Nikaichukua mbeta yenyewe mezani, nikachungulia ndani nijikumbushe palivyo giza, nikanusa ule uchachu uliobaki kwa mbali, nikaanza upya. Kwenye mbeta ya pili mkono ukaenda tena kwenye njano.